Pua ya Mize

Ngano hii aliianza bibi Mwanaidi binti Sheha, mwaka ule nzige walipomaliza mtama. Sogeeni.

Mize aliichukia pua yake pana, akamwendea Zimwi, mfinyanzi wa sura. Zimwi akaifinya, ikawa nyembamba. Kila Mize akivuta pumzi ikapiga mluzi, na mbuzi wa watu wakamfuata. Akarudi. Zimwi akaipanua, ikaziba. Wali ukaungua mbele yake asisikie harufu. Akarudi mara ya tatu, hana raha akikaa wala akisimama.

“Nirudishie yangu.”

“Nimeisahau, mwanangu, na udongo umebaki wa pua moja. Niletee mfano.”

Mfano ulikuwa usoni mwa shangazi yake, Kibibi, ambaye Mize alizoea kumwita Kinu. Akapiga magoti mlangoni pake.

“Shikamoo, shangazi. Naomba twende kwa Zimwi, aitazame pua yako.”

“Marahaba. Leo kinu kimepata kazi?” Shangazi akajifunga kanga. “Twende. Lakini na wewe utaitazama mpaka amalize.”

Mize akaitazama tangu asubuhi hadi adhuhuri, na yake ikarudi.

Mize amekufa, shangazi amekufa. Zimwi yu hai, ila katika ukoo wetu hajapata mteja mwingine. Pua tunayo.