Siku Bi Semeni Alipoishika Kamba ya Tambwe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti yenu, au mmeshinda na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Wavulana, sogeeni mbele. Ninyi ndio mnaokaa kisimani kutwa mkilalamika kwamba wanawake hawamtaki mwanamume mwema, wanamtaka mkorofi. Nimewasikia, masikio yangu bado mazima. Na ninyi wasichana mnaochekelea huko nyuma, nyamazeni. Yenu inakuja.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji cha warina asali. Asali waliila, asali waliiuza, asali walioleana. Mizinga yao waliitundika juu kabisa kwenye miti mirefu, huko ambako ukitazama kofia inaanguka.

Mwanamume akitaka kupanda, alijifunga kamba kiunoni. Kamba ikapita juu ya tawi nene, ikashuka upande wa pili, ikazungushwa kwenye kigingi kilichopigwa ardhini. Na hapo kwenye kigingi alikaa mwanamke, ameishika. Anailegeza, kri, kri, kri, mwanamume anapanda. Akiteleza, mwanamke anakaza. Mwanamke akiiachia, tunazika.

Kwa hiyo msichana hakumshikia mtu kamba hivi hivi. Kumshikia kamba siku ya kufungua msimu, mbele ya kijiji kizima, ndiyo ilikuwa posa yenyewe. Ameshuka salama na asali, umeolewa.

Sasa sikilizeni ujinga wao. Nyuki hutulizwa kwa moshi, hata mtoto anajua. Unapanda na kienge chako cha nyasi kinachofuka, unawapulizia, fuuu, wanalegea. Lakini pale kijijini wapandaji wenye majivuno walianza kupanda bila moshi. Wenyewe walijifunika ngozi ya mbuzi, kichwa mpaka vidole. Nyuki wakikasirika na kukosa pa kuuma, wanashuka, vuuuuu, mpaka chini. Kwa nani? Kwa aliyeshika kamba. Mikono yake yote miwili imebanwa. Hawezi kujipangusa, hawezi kukimbia. Anaumwa na huku ameshika.

Kesho yake uso umevimba kama andazi. Na wasichana wenzake wakauona uso ule, wakasema ni pambo. Eti mwenye uso uliovimba ana dume nyumbani! Alitembea polepole kisimani ili aonekane. Mwenye uso laini alionewa huruma. Mnacheka? Mimi sicheki.

Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, jina lake Bi Semeni. Yeye ndiye aliyekuwa akisokota kamba zote za kijiji. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba, lilifumba ujanani siku alipomshikia mumewe kamba. Wasichana walilisifu sana lile jicho. Bi Semeni aliwasikiliza. Alisokota kamba zake, akawatazama kwa jicho lililobaki.

Na aliishi msichana, Siwatu. Mwaka uliopita nyuki mmoja, mmoja tu, alimuuma Siwatu shingoni alipokuwa akichuma mboga. Uso ukavimba, koo likambana, pumzi ikawa inatoka kwa mluzi, fiii, fiii. Alibebwa mpaka kwa Bi Semeni akiwa amegeuka rangi. Bi Semeni alimhangaikia kutwa nzima ndipo akapona. Akamwambia mama yake, mtoto huyu asikae tena karibu na nyuki wenye hasira, safari ijayo hatutamuwahi.

Aliyembeba siku ile alikuwa kijana anayeitwa Mhando. Huyu Mhando alikuwa mpole wa kupindukia. Alipanda na moshi wake taratibu, watu wakamcheka, naye akacheka pamoja nao. Kila asubuhi alimletea mama yake Siwatu mzigo wa kuni, akautua mlangoni, akaondoka. Ukimuuliza unataka nini, anasema chochote tu. Ukimuuliza unapenda ipi, anasema yoyote.

Na mwingine aliitwa Tambwe. Ah, Tambwe. Mrefu, mdomo mrefu zaidi. Alipanda bila moshi kuliko wote. Alimtania mtu mpaka akalia, kisha akamshika bega, na yule mtu akajiona amependwa. Wasichana walimwimbia:

Tambwe hana moshi, hana woga,
Panda, Tambwe, panda, sisi tumeshika!

Siku moja Tambwe alisimama katikati ya uwanja akasema kwa sauti kwamba msimu huu kamba yake ataishika Siwatu. Na Siwatu akakubali. Alikuwa amemweleza habari ya koo lake. Tambwe alimjibu kwamba mwanamke wake hawezi kuuawa na mdudu.

Mama mtu alilia mpaka sauti ikakauka. Akaenda kwa Bi Semeni kuomba msaada, naye Bi Semeni akamwita Siwatu. Hakumgombeza. Alimpa nyuzi amsaidie kusokota, wakasokota. Kisha akamuuliza.

"Mjukuu wangu, Tambwe unampendea nini?"

Siwatu alifikiri. Hakuwa mjinga, msimdharau.

"Bibi, Tambwe akinitaka anasema. Anasema mbele za watu. Mhando akinitaka ananiletea kuni. Nikiwa na Tambwe najua niko na mtu. Nikiwa na Mhando ni kama niko peke yangu."

"Na koo lako?"

"Nikikataa kushika, watasema nimeogopa kuwa mke wa dume. Nitashika."

Bi Semeni aliendelea kusokota. Moyo ulimuuma, kwa sababu aliyajua maneno yale, aliwahi kuyasema yeye mwenyewe.

Siwatu alipoondoka, akaingia Mhando, amefura. Akasema sasa amejua, wema haulipi. Akasema wanawake wote ni hao hao, ukimtunza anakukanyaga, ukimkanyaga anakufuata. Msimu huu na yeye atatupa moshi wake, awe mkorofi kama wenzake, aone kama hatapendwa.

Bi Semeni akamuuliza kama amewahi kumwambia Siwatu kwamba anamtaka. Mhando akasema Siwatu anajua. Bi Semeni akasema hakuuliza hilo.  Akamuuliza tena, je, amekwenda kumkanya Tambwe kwamba binti atakufa? Mhando akasema hataki ugomvi na watu.

"Basi usiuite huo wema, mwanangu. Huo ni woga, umeuvalisha nguo safi. Na kuni zako si zawadi. Umeweka mtego mlangoni kwa watu, sasa umekasirika haujanasa."

Mhando akatoka bila kuaga.

Siku ikafika. Ngoma, pu-pu, pu-pu, pu-pu. Kijiji chote kikakusanyika chini ya mti mrefu kuliko yote. Siwatu akakaa kwenye kigingi, kamba mikononi. Mama yake alikuwa ameshikiliwa na wanawake wenzake. Mhando alisimama pembeni na kienge chake kinafuka moshi, anatazama chini. Tambwe akajifunika ngozi, akazunguka uwanjani akipigiwa vigelegele, akaanza kupanda.

Kri. Kri. Kri.

Tambwe hana moshi, hana woga!

Kri. Kri. Kri.

Sasa ametoka kwenye shina, amefika kwenye matawi. Sasa anaonekana mdogo. Sasa amekaribia mzinga. Nyuki walinzi wakaanza kutoka, mmoja, mmoja, wengine wakashuka kutazama kuna nini huku chini. Wimbo ukapungua. Nyuki mmoja akatua begani kwa Siwatu, akawa anatembea kuelekea shingoni. Siwatu alifumba macho. Mikono haikuachia. Mama yake alipiga ukelele mmoja, akazimia.

Hapo Bi Semeni akaingia uwanjani. Akampeperusha yule nyuki kwa upande wa kaniki yake. Akakaa chini kwenye kigingi, akaishika kamba juu ya mikono ya Siwatu, akamwambia toka. Watu wakaguna. Lakini desturi ilikuwa hivi: aliyeisokota kamba anaweza kuishika wakati wowote, na hakuna wa kumzuia. Siwatu akatoka, akafunikwa nguo, akasimama kando.

Mtaniuliza mbona hakumzuia Tambwe mapema, akiwa bado chini. Chini angekataa kwa maringo, na watu wangemshangilia. Bi Semeni alimtaka juu.

Akapaza sauti. "Tambwe! Kamba ninayo mimi, Semeni. Siwatu ametoka. Endelea na kazi yako."

Tambwe akatazama chini. Mkono ulikuwa umeshanyanyua shoka la kufungulia mzinga. Haukushuka.

"Bibi, mrudishie Siwatu kamba."

"Kwa nini? Kamba ni ile ile."

"Nyuki watakuuma."

"Mimi ni mzee, nimeshaumwa sana. Piga mzinga."

"Wakikuuma utaiachia, bibi."

 Ukasikika mlio wa nyuki tu, vuuuu, kule juu.

"Na Siwatu wakimuuma?" akauliza Bi Semeni.

Tambwe akajibu upesi, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Siwatu haachii. Siwatu ananipenda."

 Bi Semeni aliacha maneno yale yashuke taratibu mpaka yamfikie kila mtu. Yakawafikia wale wenye nyuso zilizovimba. Mmoja akainua mkono akajigusa shavu, akaushusha.

Kisha Bi Semeni akasema yeye hana mapenzi na Tambwe, na mikono yake imezeeka. Kwa hiyo apige mzinga, au afanye linalomfaa.

 Tambwe akabadilisha mguu. Tawi likalia, kraa. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akasema:

"Nileteeni moshi."

Kumbe alikuwa anaujua moshi! Miaka yote ile, kumbe dume alikuwa anaujua. Hakuwa na woga kwa sababu maumivu yalikuwa ya mwingine.

Siwatu akaja, akapiga magoti karibu na Bi Semeni. Mnadhani aliikata kamba? Hakuikata. Alisema, "Bibi, umechoka. Niachie nimshushe, nyuki hawajaguswa." Akaishika, akamshusha Tambwe taratibu, kri, kri, kri, kwa uangalifu kama anashusha mtungi wa maji. Wala hakuna aliyeimba. Tambwe alipokanyaga ardhi akaanza kucheka, akasema alikuwa anatania tu, mbona watu wamekasirika. Siwatu aliikunja kamba, akamkabidhi Bi Semeni, akampita Tambwe.

Ndipo Mhando akajitokeza na kienge chake, uso umemng'aa, akaona sasa zamu yake imefika.

"Siwatu, mimi moshi ninao."

Siwatu akasimama. "Ulikuwa nao tangu asubuhi."

Mhando akakitazama kienge chake.

"Mwaka jana ulinibeba mwenyewe. Leo umeniona nimekaa pale. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja unione," akasema Mhando.

Siwatu akaenda kumwinua mama yake, wakaondoka. Msimu ule hakushika tena kamba ya mtu.

Jioni wazee walimwendea Bi Semeni wakamuuliza kama ni kweli wanawake wanapenda wakorofi. Bi Semeni akawajibu kwamba wanapenda mtu anayejitokeza, ila pale kijijini aliyejitokeza alikuwa mkorofi tu, maana watu wema wote walijificha. Akasema pia kwamba kuanzia siku hiyo hatamsokotea kamba mpandaji yeyote asiye na moshi. Wakanung'unika, lakini bila kamba utapanda na nini?

Na Mhando? Alijifungia nyumbani kwa aibu. Kisha siku moja mchana kweupe, kisima kimejaa watu, alikuja. Akautua mtungi wake chini. Akasema mbele ya wote kwamba anamtaka Siwatu, na kwamba siku ile alinyamaza kwa woga, na alikosea.

Siwatu akamjibu, "Asante kwa kuniambia. Hapana."

Watu wakangoja. Wakangoja anune, atukane, aseme wanawake wote ni hao hao. Mhando alisema amesikia. Akajitwika mtungi wake akaenda. Kesho yake akapita akamwamkia mama yake Siwatu kama kawaida. Alipomkuta Tambwe anamcheka kijana mmoja kwa kubeba kienge, akasimama akamwambia aache, na Tambwe akaacha. Kuni hakuleta tena. Alikuwa mwema na hangojei kitu, na watu wote waliliona hilo.

Hapo ndipo Siwatu alipoanza kumtazama.

Wavulana, mafunzo yenu ni hayo. Wema wa kukaa kimya ukingoja malipo usimlaumu mtu akiupita. Na ninyi wasichana, mkitaka kumjua mwanamume jasiri, mtazameni siku kamba yake iko kwa mtu asiyempenda.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayetaka kubisha abishe kesho, mimi nimechoka.