Machanuo ya Nungunungu Ng'ambo ya Mto

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, na nyinyi watu wazima huko nyuma. Paukwa!

Pakawaaa!

Kabla sijaanza, nitubu. Mwaka mmoja alikuja sokoni kwetu mgeni kutoka nchi jirani, muuza vyungu. Kiswahili chake cha kuokoteza. Akataka nazi kumi za kukuna. Nikamtilia tano nzuri juu, na chini nikaficha koroma tano zisizokomaa, hata mbuzi ya kukunia ingezikataa. Nikamtazama akienda zake, nikacheka. Kisha nikaenda kusali, na sala haikupanda. Mungu anajua. Ndiyo maana nawasimulia hii.

Hapo zamani za kale, mto ulipokuwa ndio mwisho wa dunia, Nungunungu alikaa upande wa msitu. Mwaka huo mafuriko yakazoa chumvi yote ya msituni. Wanyama wakalamba mawe, hamna. Wakalamba mizizi, hamna. Mtoto wa Swala akalegea miguu, hasimami. Lakini ng'ambo, katika nchi ya matope, chumvi ilikuwa tele.

"Nitaileta mimi," akasema Nungunungu. "Nitapeleka biashara."

"Biashara gani?" akauliza mkewe.

"Machanuo ya miiba yangu! Simba anachana, Nyani anachana. Kinachopendwa kwetu kinapendwa duniani kote."

"Umewauliza wa huko?"

"Mke wangu, mfanyabiashara haulizi. Mfanyabiashara anauza!"

Mama Swala akaja analia. "Shemeji, usirudi mikono mitupu. Mwanangu hamalizi siku saba."

Chubwi! Nungunungu akavuka na machanuo mia. Ukingoni alikaa Kenge, mtoza ushuru.

"Moja katika kila kumi!" akasema Kenge. Akachukua kumi, akaligeuza moja. "Hili huliwa?"

"Haliliwi, bwana mkubwa."

"Huvaliwa?"

Nungunungu akacheka tumboni. Mshamba huyu!

Sokoni akatandaza mali. "Machanuo! Machanuo!" Akaja Bi Kobe, kichwa laini. Akaja Mzee Chura, kichwa laini zaidi.

"Linachana nini?" akauliza Bi Kobe.

"Nywele, bibi!"

"Nywele ndiyo nini?"

Soko zima kwa! kwa! kwa! Mzee Chura alicheka mpaka akaanguka majini.

Siku ya kwanza, hakuuza. Ya pili, hakuuza. Ya tatu akamkumbuka mtoto wa Swala, mdomo ukamponza.

"Chanuo hili huotesha nywele!" akapaza sauti. "Jichane siku mbili, utakuwa na manyoya kama Simba!"

Mzee Chura alikuwa anatafuta mke. Akaja mbio na bonge la chumvi. Akajichana asubuhi, kwaru! Akajichana jioni, kwaru! kwaru! Siku ya tano akarudi na upara ule ule, na mikwaruzo juu yake.

"Mwongo! Mwizi!"

Soko likamzunguka Nungunungu. Miiba ikasimama. Kisha aibu ikailaza.

"Mzee wangu, nimesema uongo," akasema. "Chumvi yako hii hapa, sijailamba. Kwetu kuna mtoto anakufa kwa kuikosa. Nilikuja na mdomo, sikio nikaliacha nyumbani. Nisameheni. Niambieni nyinyi, mnasumbuliwa na nini?"

Bi Kobe akaguna.

"Mjukuu wangu, siku ya tano ndiyo unatuuliza? Sisi desturi yetu ni kulala matopeni. Tukiamka, tope linakauka. Linaingia katika nyufa za gamba. Linawasha, linawasha! Na mkono haufiki."

Hapo hapo akatokea Kenge, macho ameyafumba kwa utamu. Chanuo liko mgongoni, kwangu! kwangu! Tope linapukutika.

"Bwana Nungunungu," akasema, "ushuru wako mtamu!"

Lo! Watu walikanyagana. Chanuo moja, bonge moja la chumvi. Kabla ya adhuhuri yote yameisha. Hata Mzee Chura alichukua moja. Alisema ni la kukwangulia mgongo. Mpaka leo hulipitisha utosini akidhani haonekani.

Bi Kobe akanong'ona, "Mjinga huyu, anabeba mawe tunayoyakanyaga!"

Na Nungunungu naye, anavuka mto, anacheka peke yake. "Wajinga hawa, wamechukua miiba inayoniangukia njiani!"

Mjinga hakuwapo. Mungu aliweka chumvi kule, miiba huku, ili viumbe wavuke wajuane.

Siku ya saba mtoto wa Swala akalamba. Akalamba tena. Akasimama. Akaruka kwa furaha, akatua juu ya Nungunungu.

"Mamaaa!"

Ndipo wakajua amepona.

Basi ndugu zangu, anayekwenda kuuza ugenini atangulize sikio, mzigo ufuate. Na mtu asidanganywe, mgeni wala mwenyeji.

Hadithi yangu imefika ukingoni, hapo ndipo ilipoishia. Ila nina ombi. Yule muuza vyungu ana kovu kidevuni, na hutembea akiimba. Ukimwona, mwambie nimemwekea nazi tano zilizokomaa. Aje azichukue.