Risala ya Kigando kwa Bwana Chewa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kunong'ona? Mmeshiba au mmenuna? Paukwa!

PAKAWA!

Palikuwa na maji.

Yakajaa!

Palikuwa na maji.

Yakapwa!

Na kati ya kujaa na kupwa palikuwa na mla watoto.

Mtaje tumjue!

Aliitwa Bwana Chewa. Samaki mkubwa, mdomo kama mlango wa banda, tumbo kama gunia la nazi. Alikaa nje ya mwamba, na ndani ya mwamba kulikuwa na hori, kighuba kidogo. Hori ile ilizungukwa na mawe marefu kila upande, hata maji ya bamvua hayakuyapanda. Ilikuwa na mlango mmoja tu. Ndani yaliota majani ya bahari, marefu, mororo, na ndani ya majani walilelewa watoto wote wa mwamba: vichangu, vitasi, na vikamba visivyoota hata masharubu.

Maji yakijaa, Bwana Chewa anapita mlangoni. Kwabu! Anatoka. Maji yakijaa tena, anapita mlangoni. Kwabu! Kwabu! Anatoka. Maji yakipwa, analala palepale mlangoni, penye kina, anasubiri yajae. Ikafika siku majani ya hori yakawa yanacheza peke yao, watoto wanahesabika.

Wazee wa mwamba wakaitisha kikao, mwenyekiti wao Bibi Kasa. Kikao cha kwanza wakapanga tarehe ya kikao cha pili. Kikao cha pili akasimama kaa mmoja, binti, mdogo kama kifungo cha koti. Jina lake Kigando.

"Shikamoo Bibi Kasa. Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu. Sema, lakini usitumalizie siku."

"Tuuzibe mlango kwa mawe, tuache tundu la kupita mtoto, mkubwa asipite. Sisi vijana wa kaa tuko arobaini. Tutabeba bure."

"Bure!" Wazee wakacheka mpaka magamba yakagongana. "Tangu lini mtoto akafanya kazi bure? Hawa wana lao."

Bibi Kasa hakucheka. "Mawe yanabebwa maji yakipwa, mwanangu. Na maji yakipwa Chewa yuko pale pale mlangoni. Mtamwambia nini? Samahani, babu, sogea kidogo?"

"Hapana, Bibi. Tutamwomba awe mgeni rasmi."

Wazee wakaahirisha kikao.

Kigando akaenda. Chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka kwenye jiwe lililo juu ya mlango.

"Hodi, Bwana Mkubwa!"

"Nani anaongea? Sioni mtu."

"Ni mimi, Kigando. Niko juu ya jiwe. Vijana tumeanzisha kikundi cha kujitolea, tunailinda hori. Kesho tunaanza kazi, tunaomba uwe mgeni rasmi wetu."

"Mnailinda na nani?"

"Na uharibifu, Mheshimiwa."

"Ah, uharibifu ni kitu kibaya sana," akasema Bwana Chewa, huku akichokoa pezi la kichangu lililonasa kwenye jino. "Kuna chakula?"

"Kuna meza kuu. Kuna risala. Kuna hotuba yako. Chakula ni baada ya hotuba, kama kawaida."

"Hotuba yangu?"

"Yako, Mheshimiwa. Na watu watakaa wasikilize."

Maisha yote ya Bwana Chewa, akifungua mdomo watu wanakimbia. "Nitakuja," akasema. "Na nitakuja na njaa."

Kesho yake maji yamejaa. Juu ya mwamba, mbali na mlango, kulikuwa na kidimbwi. Vijana walikitandika mchanga mweupe, wakakizungushia konokono. Hiyo ndiyo meza kuu. Bwana Chewa akaogelea, akaingia kidimbwini, akakunja mkia, akaketi. Vijana arobaini wa kaa wamejipanga mstari. Kigando akapanda jiwe, akakunjua jani la mkoko.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Chewa. Kwanza tunapenda kumshukuru Mungu kwa kutukutanisha. Pili tunapenda kukushukuru wewe. Tatu tunapenda kukushukuru tena."

Maji yakapungua kidole kimoja.

"Sasa utambulisho. Kaa wa kwanza, simama!"

Kaa wa kwanza akasimama, akagonga magando, ka! Akainama. Halafu hakurudi kwenye mstari. Akaenda mlangoni kubeba jiwe.

"Kaa wa pili, simama!"

Ka! Akainama. Akaenda mlangoni.

"Kaa wa tatu, simama!"

Ka! Akaenda. Maji yakapungua kidole kingine. Kutoka mbali ikaanza kusikika: ko! Ko! Ko!

"Wale wanakwenda wapi?" akauliza Bwana Chewa.

"Kwenye maandalizi, Mheshimiwa."

"Na hiyo ko, ko?"

"Vijana wanakuchangamkia."

"Nimewasikia," akasema Bwana Chewa, akajaza mashavu. "Endelea."

Kaa wa ishirini, simama! Ka! Kaa wa thelathini, simama! Ka! Baada ya kaa wa arobaini, Kigando akaanza historia ya kikundi. Kikundi kilikuwa na siku tatu, lakini historia yake ilikuwa ndefu. Yakaja mafanikio. Zikaja changamoto. Changamoto ya kwanza, changamoto ya pili, changamoto ya pili sehemu ya B.

"We kitoto," Bwana Chewa akasema, "mbona mgongo wangu unaota jua?"

"Meza kuu huwa juu kidogo, Mheshimiwa."

Bwana Chewa akageuza jicho kulia: mwamba mkavu. Akageuza kushoto: mwamba mkavu. Akapiga mkia, chubwi! Akaruka, akarudi palepale.

"Nimekwama!"

"Hujakwama, Mheshimiwa. Umeketi. Naendelea, changamoto ya tatu."

Akataka kutukana, lakini zikasikika nyayo. Chubwi, chubwi, chubwi. Akina mama wa pwani wamekuja na vijiti vyao kutafuta pweza. Bwana Chewa akabadilika rangi.

"Kigando, mjukuu wangu! Nifiche! Nakufa hapa!"

Kwa Kigando ilikuwa rahisi. Angekaa kimya tu, na kesho Bwana Chewa angekuwa kwenye sufuria. Akaliangalia jani lake. Pale juu alikuwa ameandika kwa mkono wake: kikundi cha kulinda viumbe wa mwamba. Hakuwa ameandika viumbe gani.

Akateremka mbio, akavuta mwani, akamfunika. Akamfunika mgongo, akamfunika mdomo, na macho pia akayafunika, asije akaona mlangoni kuna nini.

"Somoe, hapa vipi?" sauti ya mama mmoja.

"Hapa mwani tu, shoga. Twende kule."

Chubwi, chubwi, wakapita.

Jua likapinda. Huko mbali, chwa... chwa... maji yameanza kurudi. Akaja kaa wa saba, anahema, gando limechubuka.

"Dada Kigando, bado mawe matatu," akanong'ona. "Na makubwa. Maji yakimfikia mlango ukiwa wazi, kwa njaa aliyonayo leo, hatabakiza hata kikamba kimoja."

Kigando akageuza jani lake. Mbele limekwisha. Nyuma limekwisha. Maji yamefika kwenye ukingo wa kidimbwi. Akavuta pumzi, akamfunua mwani Bwana Chewa, akasema kwa sauti ya juu:

"Na sasa, kwa heshima na taadhima, namkaribisha Mgeni Rasmi atoe hotuba!"

Bwana Chewa akakohoa. "Sitachukua muda mrefu," akasema.

Hapo Kigando akajua kazi imekwisha.

"Nilipokuwa mdogo," akaanza Bwana Chewa, "nililelewa katika hori hii hii. Ndiyo! Msinione hivi! Nilikuwa kama kidole. Nilijificha katika majani haya haya."

Maji yakapanda kidole kimoja. Ko! Jiwe la kwanza.

"Siku hizo wakubwa walikuwa wakubwa. Walisimama mlangoni, hakuna aliyetugusa. Siku hizi? Nauliza, siku hizi?"

Maji yakapanda kidole cha pili. Yamemfika mgongoni. Yamempita mgongo. Anaelea, yuko huru, angeweza kuondoka. Lakini anapiga hotuba, macho amefumba, machozi yanamtoka. Ko! Jiwe la pili.

"Vijana, nasema, na nitarudia kusema: watoto lazima walindwe!"

KO!

Vijana arobaini wakapiga magando, ka-ka-ka-ka-ka!

"Ahsanteni, ahsanteni," akasema Bwana Chewa. "Sasa, chakula."

"Kiko horini, Mheshimiwa. Pita mlangoni."

Bwana Chewa akachomoka. Zwaaa! Akafika mlangoni. Puuu! Ncha ya mdomo ndani, Chewa mzima nje. Akavuta, akasukuma, akageuka ubavu. Tundu lilikuwa la kupita mtoto. Ndani, vichangu na vitasi wakakusanyika kuutazama mdomo ule.

"Fungueni!" akanguruma.

Kitasi kimoja kikajibu kutoka kwenye majani: "Babu, rudia pale pa watoto kulindwa. Sisi wa nyuma hatukusikia vizuri."

Alikaa pale mpaka maji yakapwa tena. Kisha akaenda kutafuta watu wa saizi yake, huko kilindini, na huko nako wana meno.

Jioni wazee wakaja kuukagua ukuta. Wakaugonga, wakaupima, wakausifu. Kisha Bibi Kasa akauliza: "Lakini huu ukuta umezinduliwa na nani?" Wakaunda kamati ya uzinduzi, watu tisa. Kigando na wenzake hawakuwepo. Walikuwa upande wa pili wa mwamba, wanavuta vipande vya nyavu vilivyoachwa, wanaimba.

Ngano yangu imepwa. Iliyo tamu bebeni kwenye vikapu vyenu, iliyo chungu mniachie mimi niliyeipika.

Na funzo lake ni hili, mlishike sana: watoto, msithubutu kufanya kazi ya kujitolea bila mgeni rasmi. Mkimkosa, ni nani atakayekaa mbali na kazi wakati nyinyi mnaifanya?