Mama Pimbi Alivyoishangilia Timu ya Fisi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na kiwanja, kiwanja kikawa na mteremko, na mteremko haukuwa na huruma.

Basi mwenye mtoto amlaze kifuani, mwenye timu aifiche moyoni, maana leo kuna mtu atashangilia asichokipenda. Twende?

Twende.

Hapo zamani, wakati wanyama wote walikuwa na jezi, aliishi Mama Kokoto. Mama Kokoto alikuwa pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe anayefanana na sungura aliyenyang'anywa masikio. Alikuwa mama kijana, ndio kwanza amejifungua, watoto watatu wananyonya kwa zamu, na tangu ajifungue alikuwa mwoga kupita kiasi. Jani likianguka anashtuka, kivuli cha wingu kikipita anashtuka, mtoto akipiga chafya anashtuka, na mtoto akinyamaza anamtikisa aone kama yu hai.

Mwaka ule palichezwa Kombe la Kisima. Timu ikichukua kombe, ukoo wake unakunywa wa kwanza kiangazi chote. Kujitoa hakuna, anayejitoa hanywi mpaka masika. Na Pimbi walikuwa wamefika fainali, si kwa ufundi, kwa bahati tu: walipangiwa Nungunungu, na Nungunungu kila akipiga mpira kwa kichwa, pss, umetoboka, majani yanamwagika, ukaletwa mwingine, pss, ukaletwa mwingine, pss, mpaka mwamuzi akachoka akawatoa mashindanoni. Pimbi wakacheza ngoma juu ya mawe, wakarukaruka, wakapigiana vigelegele. Mama Kokoto peke yake hakucheza. Kwani kipa wa Pimbi alikuwa nani? Alikuwa Baba Kokoto, mume wake wa ndoa.

Na nusu fainali iliyobaki ilikuwa Fisi na Kobe.

Sasa sikieni habari za Fisi. Fisi walicheza na Swala, Fisi wakashinda, kipa wa Swala hakuonekana tena. Fisi walicheza na Digidigi, Fisi wakashinda, kipa wa Digidigi hakuonekana tena. Fisi walicheza na Kanga, Fisi wakashinda, kipa wa Kanga hakuonekana tena, yalionekana manyoya. Wakiulizwa, wanasema kaenda kuufuata mpira vichakani. Mwamuzi alikuwa Korongo, na Korongo huchezesha kwa mguu mmoja, ule mwingine kaukunja tayari kwa kuruka, kwa hiyo mambo ya golini huwa hayamhusu sana.

Mnaona basi. Fisi wakimtoa Kobe, fainali ni Fisi na Pimbi, na pale golini atasimama Baba Kokoto na glovu zake. Mama Kokoto alilijua hilo, akalijua tena, akalala nalo, akaamka nalo, maziwa yakaanza kumkauka.

Siku ya mechi wanyama wote wakaja, na kila mmoja kaja na hesabu yake. Swala walikaa upande wa Fisi. Walipoulizwa inakuwaje wanamshangilia aliyewatafunia kipa, walisema Fisi akichukua kombe watajivuna kwamba wametolewa na bingwa, lakini akitolewa na Kobe wataitwa waliofungwa na aliyefungwa na Kobe. Kanga nao wakaona hoja ina uzito, wakahamia hukohuko. Pimbi wote wakakaa upande wa Kobe, maana nani hataki kukutana na Kobe fainali?

Pii, mpira ukaanza.

Kiwanja chenyewe kilikuwa ubavuni mwa kilima, goli moja juu, goli moja chini. Kipindi cha kwanza Fisi walikuwa juu, wanapiga kuelekea chini. Lakini Kobe walikuwa wamepaki basi. Walijipanga golini kumi na mmoja, gamba kwa gamba, kichwa ndani, miguu ndani. Fisi akipiga, kwaa, gamba. Fisi akipiga tena, kwaa, gamba. Fisi mmoja akajaribu kumng'ata beki, jino likabaki palepale.

Kipindi cha pili wakabadilishana. Kobe walipanda juu polepole sana, kipindi kikaliwa na safari. Fisi akipiga kuelekea juu, kwaa, gamba, mpira unarudi wenyewe, bingiri bingiri bingiri, hadi chini kabisa, kipa wa Fisi anaudaka. Akipiga tena, kwaa, bingiri bingiri, kipa anaudaka. Dakika zikaisha, hakuna bao.

Kwa sheria za Kombe la Kisima, hapo unaongezwa muda, na bao la kwanza ndilo linalomaliza mchezo. Sarafu inarushwa upya. Mwenye bahati anachagua kitu kimoja: mpira, aanze yeye, au goli, akae upande anaoutaka. Kinachobaki ni cha mwenzake.

Mama Kokoto akawatazama Kobe. Jua lilikuwa limewapika. Mmoja alishatoa kichwa nje kutafuta hewa, mwingine ametoa miguu miwili, ukuta umeanza kuwa na mianya. Akaona kabisa: Fisi wakipata goli la juu, wapige tena kuelekea chini kwa nguvu zao zote, muda mfupi tu bao litaingia. Akawaacha watoto kwa jirani yake, Mama Changarawe, akasimama, akapaza sauti iliyokuwa inatetemeka.

"Fisi oyee."

Pimbi wote wakageuka. Mama Changarawe akamvuta mkono akamwambia, "Shoga, uzazi umekupanda kichwani? Mumeo huyo hapa."

Mama Kokoto akauchomoa mkono. Alikuwa ameshaanza kushuka, anaimba Fisi oyee, Fisi moto, hadi benchi la Fisi.

Nahodha wa Fisi aliitwa Kingugwa, shingo kama gogo, mate hayakauki. Akamwangalia akacheka. Akamuuliza, shemeji, umekuja kuagana na mume mapema? Fisi wote wakacheka naye, hii hii hii. Mama Kokoto akasema yeye ni shabiki wao tangu ile mechi ya Kanga, na akamwomba nahodha ashinde leo, kwani Kobe hawajafungwa hata bao moja, na pimbi watachekwa kijiji kizima wakifungwa na kobe, ni heri wafungwe na wanaume. Kingugwa akavimba. Akasogea kidogo, akampa nafasi ya kusimama.

Korongo akaita manahodha. Akauliza, kichwa au mwenge? Fisi wakasema kichwa. Fisi siku zote husema kichwa, kwa mazoea ya supu. Sarafu ikaruka, ting, viri viri viri, ikatua mavumbini, tuf.

Kichwa.

Mama Kokoto akasogea karibu na Kingugwa.

"Haya," Korongo akasema. "Mpira au goli?"

Kocha wa Fisi alikuwa Fisi Kikongwe, bibi asiyebakiwa na jino hata moja, na kwa kuwa hakuwa na jino, akili yake ilikuwa imetulia. Akasema pasipo haraka: "Goli la juu, mwanangu. Mpira utashuka wenyewe. Hao wameshaiva."

Kingugwa akafungua mdomo aseme goli.

"Kocha kasema kweli," Mama Kokoto akadakia, kwa upole, kama anayeongea na mtoto wake. "Chagueni goli. Mpira wachukue Kobe. Watauvuta kifuani, wataingia nao ndani ya gamba, watalala nao humo mpaka jioni. Na humo, nahodha wangu, jino haliingii."

Kingugwa akafunga mdomo.

Kwani mpira wenyewe ulikuwa wa nini? Ulikuwa ngozi ya ng'ombe, imeshonwa na ndege Mnana, imejazwa majani makavu, na ili isipasuke kwa jua ilikuwa inapakwa mafuta ya mkia wa kondoo kila asubuhi. Fisi walikuwa wameukimbiza muda wote ule na wala hakuna aliyepata kuulamba.

"Goli ni nini, baba," Mama Kokoto akaendelea. "Goli ni miti. Mpira ni ngozi, na leo wameupaka mafuta mengi, mpaka kule juu tunaisikia harufu."

Gud, Kingugwa akameza mate. Fisi Kikongwe akamshika mkia akamwambia, wewe mtoto wewe, sikiliza, lakini mtu anayesikia harufu hasikii kitu kingine.

"Mpira," Kingugwa akasema.

Nahodha wa Kobe akaanza kusema basi sisi tunachukua goli la juu, na alipomaliza kusema wachezaji walikuwa wameshakunywa maji wakarudi.

Lakini kazi bado. Kwa sababu Fisi wakiwa chini, mpira ukirudi si bado yupo kipa wa kuudaka? Mama Kokoto akazunguka nyuma ya goli la chini, anajikaza asikimbie, akamkuta kipa wa Fisi amesimama, kijana, mbavu zinahesabika. Akamsalimia. Akamuuliza kwa huruma, kumbe wewe utabaki hapahapa? Kipa akasema kipa hukaa golini. Mama Kokoto akasikitika, akasema basi wenzako hawakukwambia. Wamekubaliana kwamba atakayefunga bao la leo ndiye atakayeanza kumla kipa wa Pimbi siku ya fainali.

"Mimi ni mkewe," akasema. "Ninamjua. Shingo hivi. Paja hivi. Tumbo hivi, laini, linatikisika akicheka. Na maini yake sijui niseme nini."

Upepo ulikuwa unavuma kuelekea juu, maneno yakafika hadi walipokaa Pimbi. Baba Kokoto akasikia shingo, akajishika shingo. Akasikia paja, akajishika paja. Akawageukia wenzake akauliza, jamani, huyu mwanamke ananisifia au ananiuza?

Kipa wa Fisi udenda ukamdondoka. "Na atakayebaki golini atapata nini?"

"Mkia," Mama Kokoto akasema, kisha akaondoka.

Kipa akawaza. Akawatazama Pimbi kule juu, mmoja mmoja, kwa nyuma. Pimbi, kama mnavyojua nyote, hana mkia.

Pii.

Kingugwa akaupiga mpira kuelekea juu, na Fisi wote nyuma yake, na nyuma ya Fisi wote kipa wao, mbio mbio mbio, goli wameliacha wazi kama mdomo wa kibogoyo. Fisi Kikongwe akasimama akapiga kelele rudi, rudi wewe, nani yuko golini? Nani amsikie. Kwaa, gamba. Fisi wakaurukia mpira. Huyu kaushika kwa meno, yule kamshika huyu kwa meno, mafuta yakateleza, wakauma sikio la mwenzao, wakauma mguu wa mwenzao, vumbi tupu, na katikati ya vumbi mpira ukatoka kimyakimya kati ya miguu yao.

Bingiri.

Bingiri bingiri.

Bingiri bingiri bingiri, unashuka, hakuna aliyeupiga, hakuna wa kuudaka. Mama Kokoto alifumba macho, akafumbua moja. Mpira ukafika karibu na mstari, ukakuta kichuguu kidogo, ukasimama.

Ukasimama kabisa.

Kingugwa kule juu akauona. Akageuka, akashuka mbio kwenda kuuokoa, na kweli angeuokoa, mbio alikuwa nazo. Tatizo ni mteremko. Alipofika katikati miguu ilikuwa inamwendesha yeye. Alipokaribia mpira alitaka kusimama, mteremko ukakataa. Akaupiga kwa pua, pua na mpira, mpira na Kingugwa, wote wakaingia wavuni, paf, na nguzo moja juu yake.

Korongo akapuliza filimbi akiwa tayari yuko hewani. Bao. Kobe wamekwenda fainali, na hawajagusa mpira kwa mguu hata mara moja. Wengine hawakujua mpaka walipotoa vichwa kuuliza mbona kelele.

Fisi wakatoka wanachechemea. Kingugwa, uvimbe kwenye pua, akamkuta Mama Kokoto ameketi kando ya uwanja analia. Alikuwa analia kwelikweli, kwikwi zimembana, maana hofu iliyomshika siku zote hizo ilikuwa ndiyo kwanza inamwachia. Kingugwa akasimama juu yake. Mama Kokoto akaona meno, akazidi kulia.

Kingugwa naye uso ukamlegea. Akasema kumbe katika uwanja mzima huu ni mtu mmoja tu anayewalilia Fisi. Akampigapiga begani kwa lile kucha lake. "Nyamaza, shemeji. Mpira ndivyo ulivyo. Mwakani tutachukua."

"Mwakani," Mama Kokoto akasema, akajifuta machozi, akarudi kwake.

Pimbi wote walimpokea kwa kumnunia. Baba Kokoto ndiye aliyemnunia zaidi, mpaka wakati wa kulala uvumilivu ukamshinda.

"Mama Kokoto, ni kweli mimi mnono vile?"

"Wewe?" Mama Kokoto akasema, anamlaza mtoto wa mwisho. "Mifupa mitupu. Wangelala njaa."

Nayo hadithi ina mafunzo, msiondoke. Shabiki wa kweli hushangilia timu moja tu, kwa moyo mweupe, na hapeleki maneno kwa kipa wa watu. Tena mke mwema hatangazi shingo ya mumewe mbele ya wageni. Mama Kokoto hakuyafuata hayo hata moja, na malipo yake ndiyo hayo: mume mzima ndani, anakoroma hadi mawe yanatikisika.

Yangu yamebingirika hadi hapo. Yakikufikia miguuni, usiyadake, yapige teke yaende kwa jirani.