Pimbi na Mzigo Uliofika

— Paukwa!
— Pakawa!
— Hadithi yangu inakuja na mzigo!
— Ipishe ipite!
— Ikipita itaondoka nao!
— Basi ishushe hapa hapa!

Haya, naushusha.

Hapo kale, katika nchi ya Majabali, aliishi Pimbi. Mdogo, mnene, mkia hana, lakini maswali anayo. Akiona moshi, atauliza nani anapika. Akiambiwa, atauliza anapika nini. Kazi yake ilikuwa kuendesha bajaji, pi! pi! pi!, akiwapeleka kuku kwa shemeji zao.

Mwaka huo matikiti yalizaa Majabali mpaka yakabingirika njiani. Lakini Nyumbu, dereva wa lori la kijiji, alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, barabara haioni tena. Lori limesimama, matikiti yanaoza. Na lori haliendeshwi bila leseni ya magari makubwa, na leseni hiyo aliitoa mmoja tu: Kiboko.

Kiboko alikuwa mkubwa wa mwili, mkubwa wa cheo, mkubwa wa tumbo. Sharti lake lilikuwa hili: "Njoo na lori lenye mzigo, lipimwe kwenye mizani. Panda kilima, geuza, shuka. Mzigo utakaotoka nao ndio utakaorudi nao. Mimi nitakaa nyuma, niulinde."

Punda akaenda, akafeli. Swala akaenda, akafeli. Ngiri akaenda na kelele zake zote, akafeli.

Pimbi akamfuata Punda.

"Kaka Punda, ulifeli kwa nini?"

"Mzigo ulipungua njiani."

"Ukapungua ukaenda wapi?"

"Nitajuaje? Macho yangu yalikuwa barabarani."

"Na lori, wakati wa kurudi, lilikuwa jepesi?"

Punda akatikisa masikio, akafikiri. "Hapana. Lilikuwa zito vilevile. Breki zililia mpaka chini."

Pimbi akamfuata Swala. Jibu lile lile: mzigo haupo, breki zinalia. Akamfuata Ngiri. Mzigo haupo, breki zinalia.

"Mzigo haupo, uzito upo," Pimbi akajisemea. "Ajabu hii!" Likamkaa kichwani neno hilo kama uzi wa embe kwenye jino. Kila akilichokoa, halitoki.

Akawaendea wazee wa Majabali. "Wazee wangu, shikamooni. Nipakilieni matikiti yaliyobaki. Nakwenda kutahiniwa."

"Wewe?" wakacheka. "Miguu yako itafika kwenye breki?"

"Nitafunga vigogo."

"Na mzigo ukipotea? Hayo ndiyo ya mwisho, Pimbi. Yakienda hayo, hata mbegu ya mwakani hatuna."

Pimbi akajua walisema kweli. Lakini ule uzi wa embe bado ulikuwa kwenye jino. "Njooni mnisubiri kwenye mizani," akasema. "Na kila mmoja aje na kisu chake cha kupasulia tikiti."

"Visu vya nini?"

"Mtihani una mambo yake, wazee wangu."

Wakapakia. Pimbi akafunga vigogo kwenye breki, kwenye klachi, kwenye mafuta. Akakalia gunia ili aone mbele. Ngurrr! Lori likaenda mpaka kwenye mizani, pale chini ya kilima. Mwenye mizani alikuwa Bi Kobe, asiye na haraka wala upendeleo.

Kiboko alipomwona dereva, akacheka mpaka pua zikarusha maji. "Ho! ho! ho! Nani anaendesha? Simwoni mtu!"

"Ni mimi, Mheshimiwa. Nina swali moja dogo. Nikishauliza, nitanyamaza."

"Uliza."

"Lori likipimwa bila wewe, si litakuwa limepimwa nusu? Mkubwa kama wewe kuachwa nje ya mizani, si dharau hiyo?"

Kiboko akavimba kwa raha. "Umesema kweli! Nipimwe!" Akapanda nyuma, kibwi! Magurudumu yakasema fyuu. Mshale wa mizani ukapanda, ukatulia. Bi Kobe akachora alama ya chaki pale uliposimama.

Lori likaondoka. Pimbi akashika usukani kwa mikono miwili na kidevu. Gia ikalia krrr, ikakubali. Wakapanda kilima. Huko nyuma akasikia: kacha! mng'unyu-mng'unyu. Tfu!

"Mheshimiwa, ni nini hicho?"

"Nalinda!"

Wakapanda tena. Kacha! mng'unyu-mng'unyu. Tfu!

"Mheshimiwa, bado unalinda?"

"Nalinda sana! Tazama barabara!"

Pimbi akatazama barabara. Moyo ulimwenda mbio, lakini masharubu yalikuwa yakicheka: uzi wa embe umetoka. Juu ya kilima akageuza, akashuka polepole. Breki zikalia mpaka chini.

Kwenye mizani wazee wa Majabali walikuwa wamejipanga na visu vyao. Kiboko akajifuta mdomo, akasimama garini. "Umefeli! Mzigo uko wapi? Hakuna hata tikiti moja!"

Wazee wakashika vichwa.

"Bi Kobe," Pimbi akauliza, "mshale umesimama wapi?"

Bi Kobe akavaa miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. "Kwenye chaki. Pale pale."

"Basi mzigo umefika. Kama Mheshimiwa anasema haukufika, na mizani inasema umo garini, si tuutafute? Wazee, visu mnavyo?"

"Tunavyo!"

"Mtaanza kupasulia wapi?"

Wazee wakatazama tumbo la Kiboko. Tumbo likajibu lenyewe: goro-goro-goro!

"Umefika!" Kiboko akapiga yowe. "Umefika wote! Amefaulu!" Akatoa leseni, akagonga muhuri, pa!

Pimbi akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu. "Ahsante, Mheshimiwa. Swali la mwisho kabisa. Mzigo uliofika wote, na dereva mwenye leseni, vinangoja nini hapa? Wazee, kamba! Turubai!"

Wakamfunga Kiboko, wakamfunika, Pimbi akaenda naye sokoni. Wanunuzi wakaja, wakafunua turubai, wakamgonga tumbo kwa vidole: du! du! du!

"Limeiva hili?"

"Limeiva. Lipasueni kidogo mwonje."

Kusikia hivyo, Kiboko akakata kamba, akakimbia mpaka mtoni, chubwi! Toka siku hiyo mchana kutwa yumo majini, masikio na pua tu ndivyo vinavyochungulia. Lori likipita darajani, anazama.

Mizani na mtihani vikabaki kwa Bi Kobe. Punda akafaulu, Swala akafaulu. Ngiri alifeli tena, lakini safari hii alifeli kwa haki. Na zile mbegu alizotema Kiboko njiani zilichipua kilima kizima, wazee wakavuna, Pimbi akabeba.

Basi, wenzangu, hadithi hii yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba maswali mengi ni utovu wa adabu. Mkubwa akila mzigo wako, mwambie "karibu tena," uangalie barabara.

— Mmeshika?
— Tumeshika!
— Mzigo nimeushusha!
— Tumeupokea!
— Aliyeuona mzito?
— Aupunguze kwa kula!