Doti Moja, Wanawake Watatu

Sogeeni, nafasi ipo. Kila mmoja aubane uamuzi wake mpaka nimalize, maana hadithi hii huwaumbua wanaoamua mapema.

Katika mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika walikuwapo wanawake watatu. Wa kwanza, Edita, alikuwa na mikono inayojua miili ya watu: kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo vya wagonjwa. Wa pili, Zabibu, alikuwa fundi cherehani, na jicho lake lilimpima mteja kabla hajagusa futi. Wa tatu, Tunu, hakuwa na ujuzi wa kutajwa. Alichokuwa nacho ni woga. Kaka yake alizama ziwani Tunu akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo maji hayakuwahi kumpita kifundo cha mguu. Mtaniuliza woga umekuwaje kipaji. Subirini.

Mwanamke wa nne, Sikudhani, ndiye aliyewaunganisha. Edita alikuwa rafiki yake tangu shuleni, Zabibu wifi yake, na Tunu mke mwenzake.

Sikudhani alikuwa muogeleaji. Kutoka ufukweni hadi Jiwe la Kobe, mwamba ulio ndani ya ziwa, ni mita mia nne, na kurudi ni mia nne nyingine. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili, wanawake wa kundi lake la waogeleaji huogelea asubuhi mpaka kwenye Jiwe, hulishika kwa mikono miwili, kisha hurudi. Sikudhani alikwenda na kurudi miaka kumi na mmoja mfululizo. Kabla ya mwaka wa kumi na mbili alikutwa na saratani. Alikatwa titi la kushoto, zikatolewa pia tezi za kwapani. Akatundikiwa dripu za dawa mara sita, akapigwa mionzi siku kumi na tano. Madaktari walipomwambia kidonda kimefunga na ngozi imepona, na kwamba anaruhusiwa kuingia majini, alilia.

"Mbona unalia kwa habari njema?" Edita alimuuliza.

"Kwa sababu sasa sina kisingizio. Nisipofika kwenye Jiwe, nitajua kwamba Sikudhani alibaki hospitali, na aliyerudi nyumbani ni mtu mwingine."

Sasa sikilizeni desturi ya kundi lile. Mtu aliyekaa nje ya maji kwa ugonjwa, akifika kwenye Jiwe na kurudi, hupewa doti moja ya kanga, naye humpa mtu mmoja aliyemrudisha majini. Mtu huyo hujifunga kipande kimoja, na cha pili hukaa nacho ufukweni. Kwa mwaka mzima, akikipunga, muogeleaji lazima atoke, hata kama amebakiza pigo moja la mkono kufika anakokwenda. Ndiyo maana doti haigawanywi. Ni heshima, na ni amri.

Edita alianza na mkono. Mkono wa kushoto haukuweza kupanda juu ya bega; kitu kama kamba chini ya ngozi kilivuta kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko. Alimsimamisha Sikudhani mbele ya ukuta wa jikoni na kumwambia apandishe vidole polepole kama buibui. Kila alipofika, Edita alichora mstari kwa mkaa na kuandika tarehe. Siku ya kwanza mstari ulikuwa usawa wa kidevu. Siku ya tisa ulikuwa palepale kwenye kidevu.

"Unaniua, Edita."

"Wanaokufa hawalalamiki hivyo. Panda."

Alikuja kila siku baada ya kazi, kwa miezi minne. Mkono ulipovimba, aliukanda taratibu kuelekea begani na kuufunga bendeji. Mistari ikapanda ukutani mpaka Edita akalazimika kusimama juu ya kigoda ili achore wa mwisho.

Zabibu alianza na vazi. Sikudhani alikataa kuonekana ufukweni na kifua cha upande mmoja, tena alipojaribu maji ya magotini alihisi mwili unapinda upande. Zabibu akamshonea vazi la kuogelea lenye mfuko wa ndani, akaujaza mtama, kama walivyojaza mito ya zamani. Majini mtama ukavimba, ukawa mzito kama gunia. Baya zaidi, vazi lilisahaulika kwenye beseni, na siku ya nne mtama ukachipua.

"Wifi," alisema Sikudhani, akishika vazi kwa vidole viwili, "umenipandia shamba kifuani."

"Ungenyamaza ungevuna," alijibu Zabibu. Wakacheka mpaka wakaketi chini, na kilikuwa kicheko cha kwanza cha Sikudhani tangu arudi.

Zabibu akafumua. Alijaribu sponji la godoro, likanywa maji. Alijaribu soli ya kandambili, kama wavuvi wanavyokata maboya ya nyavu zao, ikaelea mno na kumlaza Sikudhani ubavu. Mwisho akaichonga soli ile, akashonea vijiwe vidogo ndani yake, kimoja baada ya kingine, huku akijaribu kwenye ndoo. Alipofikisha vijiwe kumi na kimoja, kitu kile kilitulia katikati ya maji, hakikuzama wala hakikuelea. Alikuwa amefumua vazi mara sita.

Tunu hakuanza na chochote. Alikuwa amekwenda ziwani kuchota maji, akamkuta Sikudhani amesimama ukingoni na vazi lake jipya, mkono umenyooka, miguu imegoma. Kwa miaka mingi wawili hao walisemezana mambo ya chumvi na kuni tu.

"Mke mwenzangu, utasimama hapo mpaka uote mizizi?"

"Ingia wewe basi, mwenye mdomo."

Tunu aliweka ndoo chini. Akaingia. Maji yalipofika magotini, meno yake yaligongana hata Sikudhani akayasikia.

"Toka, Tunu. Nilikuwa natania tu."

"Sitoki mpaka uje unitoe."

Sikudhani akaenda. Kesho yake ikawa mapajani, wiki iliyofuata kiunoni. Siku ya ishirini na sita Tunu alisimama maji yakiwa shingoni, akitetemeka, na Sikudhani akaogelea kumzunguka mara kumi. Tunu hakuwahi kujifunza kuogelea. Alijifunza kusimama tu.

Jumapili ile ya mwezi wa pili ikafika. Kwenda kulikuwa kuzuri. Sikudhani alilishika Jiwe kwa mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Wakati wa kurudi upepo ukainuka. Wimbi lilimpiga ubavuni, lakini vazi halikumvuta huku wala kule, likamwacha sawa. Wenzake wakamtangulia. Mkono wa kushoto ukaanza kuwaka moto, lakini ukapanda, ukashuka, ukapanda, kama ulivyofundishwa ukutani. Zilipobaki mita kama mia moja, hofu ikamkaba. Hayakuwa maumivu ya mkono, alisahau tu kwa nini anaendelea. Akainua kichwa. Alimwona Tunu ndani ya ziwa, mawimbi yakimpiga mdomoni, anatema maji, hatoki. Sikudhani akaogelea kumwelekea, akafika, wakatoka wameshikana.

Basi, bila mkono asingevuta maji. Bila vazi angelala ubavu kwenye lile wimbi. Bila Tunu angebaki palepale hofu ilipomkaba.

Bi Tabu, mkubwa wa kundi, akamwekea doti mikononi. "Mpe mtu wako kabla nywele hazijakauka. Ndivyo tulivyoikuta desturi, na hatuibadilishi."

Nywele za Sikudhani zilikuwa bado zinaota upya baada ya zile dripu kuzinyonyoa. Urefu wake haukupita pingili ya kidole. Hizo hazichukui muda kukauka.

Edita alikuwa ameshaushika ule mkono wa kushoto na kuubonyeza. Alama ya kidole ilibaki. "Umevimba," alisema. "Sitakudanganya ili unipe kanga. Ukinipa mimi, kesho nitakipunga kipande cha pili, na hutaingia majini mpaka uvimbe uishe. Wiki, pengine miezi. Lakini mkono utadumu."

"Nipe mimi," alisema Zabibu, "na hutakiona kikipungwa hata siku moja. Umeamriwa vya kutosha, wifi yangu: lala hapa, inua hapa, usipumue. Mwili ni wako. Mimi nitashona, wewe utaogelea."

Tunu alikuwa bado anatema maji. Walimsubiri.

"Mimi ni mwoga," alisema. "Nitakipunga kila ukipotea machoni pangu, na mimi macho yangu hayafiki mbali. Kwenye Jiwe hutafika tena mpaka mwaka wa doti hii uishe. Lakini popote utakapoogelea, nitakuwa ndani ya maji, siyo mchangani."

Sikudhani aliwatazama mmoja mmoja. Aliyempa mkono anataka kuulinda kwa kumtoa majini. Aliyempa vazi anamwachia ziwa lote, na hatari yake yote. Aliyempa moyo atamnyima Jiwe, ingawa hatamwacha peke yake.

Bi Tabu alinyoosha mkono, akampapasa kichwani. "Utosini pameshakauka," alisema. "Bado kisogoni."

Nami ninaishia hapo. Sasa fungueni midomo. Je, wewe mwenye doti ile mikononi, ungempa nani?