Pishi na Rungu Katika Nyumba Moja

Umpaye pishi, usimpe rungu. Niliwaambia hivyo asubuhi mkutanoni, mkacheka, kisha mkamchagua Shija awe mgawaji wa mahindi ya ghala letu na mkuu wa walinzi pia. Sasa ndiyo mnakuja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haya, kaeni. Ilitoka Kitangile, na ilitoka kwa machozi.

Kitangile kulikuwa na ghala moja la mtama la mji mzima. Pishi ya kupimia ilikaa kwa mpimaji, na rungu la mji lilikaa kwa Mzee Maganga, ng'ambo ya kijito. Aliyepunjwa alivuka kijito akashtaki, na Maganga akamwendea mpimaji na rungu mkononi. Mpimaji wa wakati huo aliitwa Lugendo, mtu wa haki kabisa. Hapo sina la kumsema.

Ukaja mwaka mbaya. Mvua ilikatika na misafara ya chumvi ikaacha kupita. Jembe, fedha ya siku hizo, lililonunua mbuzi likawa halinunui hata kuku. Watu walisukumana mlangoni pa ghala, na wengine wakaanza kuiba.

Lugendo akasema, "Mwizi akija, hadi nivuke kijito kumwita mzee, mtama umekwisha. Nipeni rungu, mpaka mvua inyeshe tu."

Maganga alikataa. Aliyempigia kelele kuliko wote alikuwa Kabula, mfinyanzi, mjane mwenye watoto watatu. "Mzee, watoto wanakufa, wewe umeshikilia mila. Mpe!"

Kila nikifika hapa naudhika, maana Kabula huyo ndiye aliyemzaa bibi yangu. Maganga alilitoa rungu, wezi wakakoma, na mji mzima ukamsifu Lugendo.

Mvua ikanyesha. Nani alikwenda kudai rungu? Hakuna. Kila mtu alimngoja jirani yake aanze, kama nyinyi mnavyongojana kufagia kisima.

Kabula akaenda kuchukua mbegu alizoweka ghalani, pishi mbili. Lugendo akampimia moja, akafunga mlango. Bila mbegu zile shamba lake lingebaki nusu, na watoto wake wangelala njaa mwaka mwingine. Akavuka kijito, kama desturi.

"Mzee, nimepunjwa mbegu."

"Mashtaka hupelekwa kwenye rungu, mama," Maganga akasema. "Rungu liko wapi?"

Kabula akarudi hadi kwa Lugendo, akabisha hodi.

"Umesahau nini?" Lugendo akauliza.

"Nimekuja kumshtaki mpimaji."

"Kwa nani?"

Kabula akatazama pishi chini ya kiti chake, akatazama rungu lililoegemea ukutani. "Kwako," akasema.

"Haya, nimesikiliza. Hukupunjwa. Nenda."

Alipanda nusu shamba. Kabla ya mavuno alimzika mtoto wake wa mwisho. Lugendo aliutawala mji ule mpaka akaota mvi, na kila mwaka pishi yake ilipungua. Kabula hakumlaumu mbele za watu. Alijilaumu mwenyewe, na kila mtoto aliyepita kibarazani kwake alimwambia maneno haya niliyowaambia asubuhi, hata wakayachoka.

Msiniambie Shija ni kijana mzuri. Najua ni mzuri. Lugendo naye alikuwa mzuri. Mkutano wa kesho bado upo, basi nendeni mkamwachie kimoja, kingine mkipeleke nyumba nyingine. Umpaye pishi, usimpe rungu.